SOMO: Kafara bovu kwenye michezo ya zamani ya sataranji, ule au usile?

Kila mara mtu anabandika mchezo wa Anderssen, mchezaji wa Kijerumani wa karne ya 19, na kuuliza, "Hivi Nyeusi ingekataa kula ingekuwaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Jibu langu lote liko hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa. Panga kete ubaoni kwanza, ukisoma kwa macho tu utapotea. Herufi na namba kama c4 ni jina la mraba: "askofu c4" ni askofu kwenda c4, na mraba ukitajwa peke yake ni kitunda kinachokwenda pale.

Kafara bovu ni kete iliyotolewa bila malipo ya kutosha: mpinzani akijibu sawasawa, anabaki na faida. Michezo ya karne ya 19 imejaa makafara ya aina hiyo, kwa kuwa sifa zote zilikwenda kwa mshambuliaji na ulinzi haukujaliwa na mtu. Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, ndiye aliyekuja kushikilia kwamba shambulizi lisilo na msingi halina budi kushindwa.

Hatua ya 1. Hesabu kete: umepata nini, umetoa nini.

Hatua ya 2. Tazama cheki zote za mpinzani (hatua zinazomshambulia mfalme wako) baada ya wewe kula. Zote, hata za kijinga.

Hatua ya 3. Angalia kama kuna kete nyingine ya kula. Chukua mtego wa Légal, wewe ukiwa Nyeusi: 1. e4 e5 2. askofu c4 d6 3. farasi f3, farasi c6 4. farasi c3, askofu g4 5. farasi anakula e5. Malkia wa d1 ameachwa wazi. Ukimla, askofu anakula f7 cheki, mfalme e7, farasi d5, chekimeti. Ila farasi wako wa c6 anaweza kumla farasi wa e5, na akitua pale anamlinda askofu wa g4. Nyeupe imetoa farasi kwa kitunda kimoja, basi.

Hatua ya 4. Mpangilio wa kula. Hapa ndipo tunapokufa wengi. Twende London, tarehe 21 Juni 1851, Anderssen na Kieseritzky, ule mchezo ambao Falkbeer aliuita "usiokufa" mwaka 1855. Kwenye hatua ya 18 ya mchezo wenyewe Nyeupe (Anderssen) inaweka askofu d6. Ngome za a1 na g1 zote ziko wazi, malkia wa Nyeusi yuko b2, askofu wake c5. Kieseritzky akala ya g1 kwa askofu. Kitunda kikasukumwa e5, malkia akakatiwa njia ya kuilinda g7. Akala na ya a1 kwa cheki, mfalme akaenda e2, farasi wa Nyeusi akatoka a6. Kisha: farasi anakula g7 cheki, mfalme d8, malkia f6 cheki (malkia mzima!), farasi anamla, askofu e7, chekimeti. Anderssen alikuwa ametoa askofu, ngome mbili na malkia. Kieseritzky alipoteza vitunda vitatu.

Sasa badili mpangilio tu. Kula ya a1 kwanza, kwa cheki. Mfalme anakwenda e2. Malkia anarudi b2, anatishia kula kitunda cha c2 kwa cheki nyingine. Nyeupe haina nafasi ya kusukuma e5. Mfalme inabidi aende d2 kukilinda. Ndipo askofu anakula g1. Ngome ni zile zile mbili, lakini Nyeusi inapumua.

ONYO: kabla ya kula, uliza kete unayoitumia kula ilikuwa inalinda nini na kama itaweza kurudi.
ONYO la pili: cheki kwanza si sheria. Hapa imefaa kwa sababu malkia alipata pa kurudi penye tishio.

Hatua ya 5. Ukishakula, uwe tayari kurudisha. Moscow 1960, mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia: Tal ana nyeusi dhidi ya Botvinnik, hatua ya 21 ya mchezo anatupa farasi f4. Botvinnik akala. Ukumbi ukajaa kelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Baadaye ilionekana kwamba hatua ya 25 dawa ilikuwepo: askofu ale f3. Botvinnik badala yake akala malkia, na akashindwa. Kafara lilikuwa bovu, ila si rahisi kulipata kosa lake saa inapokwenda.

Hatua ya 6. Ukibakiwa na dakika chache, chagua njia ambayo mfalme wako yuko salama. Shindano la London 1851 halikuwa na kikomo cha muda. Wewe unacho.

---

Kobe64: Mkuu somo refu. Kwa kifupi nile au nisile?

Mleta somo: Hatua ya 1 hadi ya 6.

InjiniHaidanganyi: Nimeweka kwenye simu, injini (programu ya sataranji) inasema ile askofu d6 ni kosa. Kumbe Anderssen alikuwa wa kawaida tu.

Mleta somo: Injini inapendekeza d4, askofu e3 au ngome e1, najua. Huyo "wa kawaida" ndiye aliyeshinda shindano lile la London. Zima simu, cheza hatua hizo 23 bila msaada, kisha urudi tuzungumze.

BiNgome: Shikamoo mwalimu. Kuna mfano wa mtu aliyekula akashinda? Yote uliyotoa mlaji anakufa.

Mleta somo: Marahaba dada, swali zuri. Capablanca na Marshall, New York 1918. Marshall ana nyeusi, anatoa kitunda cha e5 ili amshambulie mfalme. Capablanca akala kwa farasi, kisha kwa ngome, akavumilia mvua yote na akashinda. Fuatilia jinsi anavyotoa kete nyuma moja moja kuja kulinda. Baadaye Marshall alirekebisha kwa c6 kwenye hatua ya 11, na gambiti hiyo (ufunguzi wa kutoa kete mapema ili kushambulia) inachezwa mpaka leo na wakubwa. Kwa hiyo "bovu" ya mwaka fulani huweza kutengenezwa.

MtotoWaDrafti: Mimi nimetokea kwenye drafti, kule kula ni lazima. Mkono unakula wenyewe kabla sijafikiri 😂

Mleta somo: Hapo umegusa penyewe. Kalia mkono. Sifanyi utani, weka mikono chini ya mapaja mpaka umalize hatua ya 2.

Kobe64: Nimekula kama ulivyosema nimepigwa.

Mleta somo: Sikusema ule. Leta hatua zote tuone.

BiNgome: Tupe zoezi moja la kujipima.

Mleta somo: Gambiti ya Cochrane, aliyoicheza Calcutta mwaka 1848: 1. e4 e5 2. farasi f3, farasi f6 3. farasi anakula e5, d6 4. farasi anakula f7. Mfalme anamla, Nyeupe inacheza d4. Je, Nyeusi ile kitunda cha e4?

MtotoWaDrafti: Ale, si bure?

BiNgome: Asile. Malkia h5 cheki. Akiziba kwa g6, malkia d5 cheki, farasi wa e4 anachukuliwa.

Mleta somo: Sawa kabisa dada. Na mfalme akikimbilia e7 badala ya kuziba? Andika kabla hujafungua injini.