Namna ya kushona simbi kwenye mkanda zisivunjike

Ninashona simbi kwenye mikanda na mikoba hapa Kadutu, Bukavu. Wasichana wananiletea zao zimepasuka katikati na kuniuliza: "Mama, nimekosea wapi?" Mara nyingi kosa limeanza kabla ya sindano.

Simbi, au kauri, ni gamba la konokono mdogo wa baharini. Akiwa hai, nyama yake hutoka nje na kulifunika gamba lote. Ndiyo maana mgongo unang'aa bila kupakwa kitu. Ziwa letu la Kivu halina konokono huyo. Anaishi penye matumbawe, kwenye maji ya kina kifupi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Katika gunia moja utakuta aina mbili. Yenye manjano na vinundu pembeni ni Monetaria moneta, ile iliyovunwa sana Maldivi ikawa pesa huko Afrika Magharibi. Hata jina la sedi, pesa ya Ghana, limetokana na simbi. Nyingine ina pete ya rangi ya chungwa mgongoni, Monetaria annulus. Hiyo ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar karne ya 19. Mimi nachagua ya pete, na sababu utaiona.

Geuza kila moja utazame meno ya mdomoni, ule ufa wa upande wa chini. Ya kweli meno hayalingani, na ukiigusisha shavuni ni baridi. Ya plastiki ni nyepesi na ina mstari wa kalibu ubavuni. Ukiwa bado na shaka, tia tone la ndimu upande wa ndani: gamba la kweli linatoa povu dogo. Lifute upesi.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Usitumie siki kamwe! Mwaka wangu wa kwanza nililoweka simbi za mkanda wa bibi harusi kwenye siki usiku kucha. Asubuhi zilikuwa nyeupe kama chaki, hazing'ai tena, na zilikuwa za koko yake, yaani nyanya yake. Nililia, kwa kuwa gamba likishaliwa na asidi halirudi.

Sasa kutoboa. Weka nyundo chini. Shika simbi, mdomo ukiangalia kiganja, usugue mgongo juu ya jiwe la kunolea lililolowa maji. Maji yanazuia vumbi lisiingie kifuani. Hata hivyo funga kitambaa puani. Hapo ndipo pete inakusaidia: sugua ndani yake tu. Kwanza rangi inatoka, kisha panabaki weupe, kisha kitundu kama punje ya mtama kinatokea. Kuanzia hapo punguza nguvu, sugua kwa kuzunguka hadi kitundu kitoshe ncha ya kidole chako kidogo. Ukivuka pete, ukingo unakuwa mwembamba na utapasuka siku mwenye mkanda akikaa.

Lainisha ukingo kwa msasa, la sivyo utakata uzi. Tumia nailoni, si pamba. Laza upande uliosagwa kwenye kitambaa, mdomo juu. Pandisha sindano kwenye kitundu, itokee mdomoni, vuka meno, ushuke kitambaani nje ya ncha ya simbi. Kisha fanya hivyo ncha ya pili. Piga fundo kila simbi peke yake, ili moja ikichomoka nyingine zibaki.