Kambale wamegoma kula: somo la hatua kwa hatua kwa wafugaji wa matangi, Tabora

Wafugaji wenzangu, mwangaluka.

Wiki hii nimepigiwa simu tatu zenye neno lilelile: "Mwalimu, kambale wangu hawali." Wote watatu, kabla sijauliza lolote, walikuwa wameshanunua chakula kingine. Mmoja alikuwa amebadilisha mara mbili ndani ya siku nne. Nimeona nisiendelee kujibu mmoja mmoja, nikae niliandike jambo hili lote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya mnyama mwenyewe. Kambale si sato. Maji yakiharibika, sato huja juu alfajiri akihema, na ukichelewa unaokota mizoga. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa nyuma ya matamvua. Siku ukimpasua kwa ajili ya mboga, inua kifuniko cha shavu uchungulie ndani: utaona vitawi vyekundu vimejikunja kama kichaka kidogo. Kwa hicho anapanda juu, anameza hewa, anashuka, na maisha yanaendelea hata kama maji yameishiwa hewa kabisa. Ndiyo maana anatudanganya. Maji yameshaoza, amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki inamuunguza matamvua, lakini hafi. Anachoacha kwanza ni kula. Kwa mfugaji wa kambale, hamu ya kula ndiyo kengele, na mara nyingi ndiyo kengele pekee utakayoisikia mapema.

Hatua ya 1: Funga mfuko wa chakula

Najua inauma. Umekopa, umenunua, unataka wanenepe. Lakini samaki asiyekula ukimmwagia chakula, unamwagia sumu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na tanki la turubai la mita 2 kwa 3, maji kina cha mita 1, yaani lita 6,000. Mwezi Julai wakapunguza kula. Nikaona wanakonda, nikawaongezea. Siku ya tano maji yalikuwa na utelezi mkononi na harufu ya choo, na nilipoteza karibu nusu ya samaki niliowalea miezi minne. Hakuna ugonjwa uliowaua. Niliwaua kwa huruma isiyo na elimu, na hadi leo nikiona mtu anamwaga chakula juu ya chakula moyo unashtuka.

Kambale wa gramu 200 au 300 akikaa siku mbili tatu bila kula hadhuriki. Chota kinachoelea kwa wavu, kilichozama kivute chini kwa mpira wa maji. Usilishe tena mpaka ufike hatua ya 5.

Hatua ya 2: Soma maji

Pima joto asubuhi kabla jua halijapanda, halafu saa tisa alasiri. Kambale anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Sisi wa Tabora tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hewa hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Tanki la turubai lililosimama juu ya ardhi hupoa upesi kuliko bwawa la udongo. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 20 asubuhi, usitafute mchawi wala dawa: samaki amepoa, tumbo lake halisagi. Funika tanki usiku, na ukifika hatua ya 5, kwa baridi hiyo lisha mchana badala ya jioni, maji yakishapata moto, kidogo tu.

Kama joto ni zuri, chota maji ya chini kabisa, si ya juu, unuse. Tope jeusi na harufu ya yai bovu ni jibu tosha. Toa theluthi moja ya maji kutokea chini, weka mapya, rudia kesho yake. Maji ya bomba yaache kwenye pipa lililo wazi siku nzima ili klorini itoke.

Maji ya kijani nayo yana hila yake. Asubuhi yanaonekana salama, lakini jua likiwaka mwani hufyonza hewa ya ukaa, pH (kipimo cha uchachu wa maji) inapanda, na amonia ileile iliyokuwa mle inakuwa kali zaidi. Kwa hiyo samaki anayekula asubuhi na kukataa alasiri, shuku mwani kabla ya kushuku chakula.

Hatua ya 3: Mtazame samaki, usitazame tanki

Hapa ndipo nataka mkae. Leta kigoda, zima simu, kaa dakika 20 jioni bila kusogea. Kambale mzima hulala chini, sharubu zikichezacheza, mmoja mmoja anapanda kuvuta hewa na kushuka moja kwa moja. Mwenye shida husimama wima, kichwa juu mkia chini, ananing'inia pale pale kama amefungwa uzi. Wakiwa wengi hivyo, rudi hatua ya 2, ni maji. Akijikuna ubavuni mwa turubai, ana vimelea au ngozi inamuwasha. Utando mweupe kama pamba ni ukungu, na mara nyingi unaota pale alipochubuka.

Mshike wawili watatu kwa kitambaa kilicholowa. Tazama sharubu: zikiwa zimekatika au zimeungua ncha, maji yalikuwa mabaya kwa muda. Tazama fuvu: mstari wa ufa juu ya kichwa, mwekundu au mweupe, huja na upungufu wa vitamini C, na vitamini hiyo hufa chakula kikikaa muda mrefu stoo au kikipikwa sana. Tazama mkia: ukiwa umenyofolewa, wanakulana.

Hatua ya 4: Chakula

Sasa ndiyo ukague mfuko, si kabla. Ingiza mkono hadi chini. Kama kuna joto, vumbi lililoshikana au harufu ya mafuta yaliyochacha, usimpe samaki na usimpe kuku. Mashudu ya alizeti na mahindi yaliyolowa huota ukungu wenye sumu inayoharibu ini, na kuanika juani hakuiondoi. Niliwahi kuuziwa mfuko uliofunguliwa na kushonwa upya, samaki wakaujua kabla yangu: waliingiza punje za chakula mdomoni na kuzitema. Punje iliyoingizwa mdomoni halafu ikatemwa ni malalamiko juu ya ladha au ukubwa. Punje isiyoguswa kabisa ni malalamiko juu ya maji au joto.

Kama umebadilisha aina, changanya: robo mpya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, mpaka ya zamani iishe. Kambale hutafuta chakula kwa kunusa na kwa sharubu, macho yake ni madogo, na harufu mpya huchukua siku kadhaa kuizoea.

Hatua ya 5: Rudisha kidogo kidogo

Anza jioni, mwanga ukififia. Huyu ni mla usiku. Mimi hulisha muda watu wanapoelekea msikitini kuswali Magharibi. Rusha konzi moja, sikiliza. Wakila vizuri utasikia mchapo juu ya maji kama mvua ya ghafla kwenye bati. Chakula kiishe ndani ya dakika 10, kisipoisha umezidisha. Siku ya kwanza toa robo ya kawaida, ya tatu nusu. Kwa samaki wanaokaribia kuuzwa, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wao kwa siku inatosha. Na andika daftarini: tarehe, joto, kilicholiwa, kilichobaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Ipuli: Mwalimu shikamoo. Nilisoma mahali kwamba maji machafu ni tatizo, nikatoa yote nikajaza ya bomba. Tangu jana wamelala chini, hawagusi kitu.

Marahaba, mwanangu. Umewapa mishtuko miwili kwa mpigo, klorini na baridi. Usiwalishe kwa siku mbili, na usitoe maji tena leo. Yarushe yaliyomo kwa ndoo, uchote na kumwaga kutoka juu, klorini itoke upesi. Wakianza kupanda kuvuta hewa kwa utaratibu, jaribu konzi moja kesho kutwa jioni. Maji yote hayatolewi kwa siku moja labda kama umehamisha samaki.

Isevya: Vifaranga wangu wanapungua kila siku lakini sioni mizoga. Na kuna watano wamekuwa wakubwa ghafla, hao hata punje hawaji kula.

Dada, hao watano hawaji kwa sababu wameshiba ndugu zao. Kifaranga mkubwa humshika mdogo mkiani, anammeza mpaka kichwani, na wakati mwingine kichwa ndicho anachoacha. Watoe leo hii, uwaweke peke yao. Kisha kila wiki mbili chambua kwa ukubwa, katika wiki za mwanzo hata kila wiki. Lisha mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, maana njaa ndiyo inayowafundisha tabia hiyo.

Urambo: Mimi nina tumbaku na tanki la samaki ua moja. Baada ya kunyunyizia dawa, samaki walizunguka kama walevi, sasa waliobaki hawali. Inahusiana?

Inahusiana sana, ndugu yangu, na pole. Dawa za wadudu, hasa jamii ya pairethroidi, humuua samaki kwa kiasi kidogo mno, hata maji ya kusuuzia bomba la kunyunyizia yanatosha. Badilisha maji nusu leo na nusu kesho. Waliobaki usiwauze wala usiwale kabla hujaongea na afisa uvuvi wa halmashauri, umweleze jina la dawa. Bomba lioshwe mbali, na siku ya kunyunyizia tanki lifunikwe.

Nzega: Jike mmoja ana tumbo kubwa, hali wiki sasa. Wengine wako sawa.

Mgeuze taratibu. Tumbo laini likiwa limelegea kuelekea nyuma na tundu la uzazi limekuwa jekundu, ana mayai, mwache. Tumbo gumu lenye kukaza, au wekundu umetapakaa ngozini, mtenge. Kambale aliyelishwa kupita kiasi anaweza kupasuka utumbo, na huyo hana tiba.

Sikonge: Nilikuwa nawapa utumbo wa kuku, sasa punje hawataki kabisa.

Umewadekeza. Acha utumbo kabisa, waache na njaa siku mbili, halafu punje jioni. Watakataa mara ya kwanza, toa zilizobaki, rudia kesho. Na ukiona mafuta yametanda juu ya maji yako, ni ya ule utumbo.

Kigoma, Ujiji: Huku dagaa tunao. Naweza kuwasaga nitengeneze chakula mwenyewe? Mara ya kwanza walikula, baadaye wakaanza kutema.

Unaweza, na nakuonea wivu kwa dagaa hao. Protini yake ni bora kuliko mashudu yoyote. Ila uliza walianikwa wapi. Waliokaushwa chini wana mchanga, na samaki hutema mchanga. Wasiwe wa chumvi. Waoshe, waanike kwenye kichanja, wasage, kisha chukua kijiko kimoja cha unga ukoroge kwenye kopo la kioo lenye maji, uache kidogo. Mchanga ukitua chini ya kopo, chekecha upya kabla hujachanganya na pumba.