Kabla bwana na bibi hawajatoka Lubumbashi kwenda Sun City

Kwa ndege, Johannesburg na Kinshasa ziko karibu umbali mmoja kutoka Lubumbashi. Ni karibu kilomita 1,600 huku na huku, na saa yetu ni ile ile ya Johannesburg, wakati Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndiyo maana bwana na bibi wanaotafuta siku tatu nne za kupumzika wao wawili huifikiria Sun City upesi: mwendo wa gari wa saa mbili hivi kutoka Johannesburg, na ukifika unakuta hoteli, kasino, bwawa la mawimbi, viwanja vya gofu, na mbuga ya wanyama ya Pilanesberg pembeni kabisa. Ni safari nzuri na ninawatakia watu wengi waifanye. Lakini mafanikio yake huamuliwa hapa hapa nyumbani, wiki kadhaa kabla, katika mazungumzo ya karatasi na ya feza. Na katika feza, ile ya kuchezea ndiyo watu huona haya kuizungumza, nayo ndiyo inayotaka maneno mengi zaidi.

Karatasi kwanza. Mkongomani mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza ili aingie Afrika Kusini, na viza haipatikani Alhamisi kwa safari ya Ijumaa. Afrika Kusini ina konsula hapa Lubumbashi. Kaulizeni masharti kwa njia rasmi, ninyi wenyewe, msimtume mtu wa njiani anayesema ana ndugu ndani. Wataangalia konti ya banki, mahali mtakapolala na safari ya kurudi, kwa hiyo anzeni mapema, na tiketi isiyorudishwa feza msiilipe kabla viza haijatoka. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na uhai wake uzidi siku ya kurudi kwa siku 30 angalau.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo wageni hawalijui: majina. Pasipoti ya Kongo ina jina, postinomu na prenomu, na mtu wa shirika la ndege asiyezoea majina yetu anaweza kuacha moja au kuyageuza. Siku ya kununua tiketi wekeni pasipoti mbele yake, kisha msome tiketi herufi kwa herufi kabla ya kutoka dukani. Bibi ambaye mtaani anaitwa kwa jina la bwana wake, tiketi yake itoke kwa jina lililo kwenye pasipoti. Ulizeni pia kama Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei au mtailipa wenyewe pale Luano.

Halafu kadi ya njano. Afrika Kusini inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Kongo. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku kumi, kwa hiyo sindano ya juzi haikusaidii kitu. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha yako yote tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2016, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Kadi ya kununua bila sindano ni hatari mara mbili: mpakani, na mwilini mwako.

Tarehe nayo ina maana. Katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, na wakati wa Pasaka, Waafrika Kusini wenyewe wako likizoni na bei zinapanda. Mwishoni mwa mwaka pia kuna shindano kubwa la gofu lililoanzishwa mwaka 1981, na vyumba hujaa. Juni hadi Agosti kuna nafasi zaidi, ila usiku ni baridi. Mtu wa Lubumbashi anajua baridi ya Juni, hilo halimtishi. Lakini maji ya bwawa nayo ni baridi, na kama bibi anakwenda hasa kwa ajili ya mawimbi, afadhali mchague Septemba au Oktoba.

Ni vizuri pia kujua mnaenda mahali gani. Sun City ilifunguliwa mwaka 1979 na Sol Kerzner katika Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imelipa kile ilichokiita uhuru mwaka 1977, na hakuna nchi nyingine ya dunia iliyoukubali. Kamari ilikuwa marufuku Afrika Kusini, kwa hiyo kasino ikajengwa upande wa pili wa mpaka huo wa kubuni, na Wazungu wa Johannesburg wakawa wanakwenda kucheza huko. Wanamuziki wengi wa dunia waligoma kuimba pale katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 Bophuthatswana ikarudi ndani ya Afrika Kusini, na sheria ya 1996 ikaruhusu kasino katika nchi nzima. Leo Mwafrika yeyote mwenye miaka 18 anaingia kwa mlango wa mbele. Mimi ninaona ni jambo la kukumbuka ukiwa umekaa pale, hasa mkipita mbele ya ile hoteli ya kifalme, Palace of the Lost City, iliyofunguliwa mwaka 1992.

Sasa feza ya kuchezea. Kaeni sebuleni, watoto wakiwa wamelala, mwandike kwanza gharama zote: tiketi, viza, hoteli, gari, chakula, mbuga, na matabishi ya watu wa nyumbani, maana hamtarudi mikono mitupu na ndugu hawatakubali neno la «hatukupata muda». Hayo yote yakishatoka, kilichobaki ndicho mnachokigawanya. Kiasi cha kasino kiwe kile ambacho kikiisha chote usiku wa kwanza, kodi ya nyumba, minervali ya watoto na mtaji wa duka havitikisiki. Kihesabuni kuwa kimekwisha kutumika, sawa na feza ya sinema. Kama hesabu inaonyesha hakuna kilichobaki, nendeni bila kucheza. Mbuga peke yake inatosha kujaza wikendi.

Kwa nini ninasema kimekwisha kutumika? Tazameni meza ya ruleti kwa karibu. Gurudumu lina namba 1 hadi 36, nusu nyekundu nusu nyeusi, halafu sifuri moja ya kijani. Jumla nafasi 37. Tuseme umeweka randi 10 juu ya kila nafasi bila kuacha hata moja: randi 370 ziko mezani. Mwenye meza anatupa mpira, unazunguka, unaruka, unatulia. Umeshinda kwa hakika, kwa kuwa kila namba ni yako. Unalipwa 35 kwa moja, yaani randi 350, na zile 10 zako zinarudi. Una 360 mkononi, na ulikuja na 370. Hakuna aliyekuibia, gurudumu ni safi, na kila mtu mezani amekupongeza. Zile randi 10 ndizo mshahara wa nyumba, yaani wa kasino: asilimia 2.7 ya kila kinachowekwa, usiku kucha. Kwenye gurudumu lenye sifuri mbili nyumba inachukua 5.26, kwa hiyo hesabuni sifuri kabla ya kuvuta kiti.

Mashine ni mbaya zaidi kwa sababu ya mwendo wake. Tuseme kila kubonyeza ni randi 5, na mtu anabonyeza mara 500 kwa saa, jambo rahisi kabisa kwa kidole kilichozoea. Amepitisha randi 2,500. Mashine iliyowekwa kubaki na 6 katika kila 100 imekula, kwa wastani, randi 150 katika saa hiyo moja, huku ikimrudishia vidogo vidogo na muziki ili asisikie zikienda. Anayetaka usiku mrefu kwa feza kidogo akae kwenye meza yenye watu wengi, mahali mchezo unakwenda polepole na watu wanazungumza.

Kwa bwana na bibi, shida kubwa mara nyingi si kupoteza. Ni kupoteza bila mwenzako kujua. Mmoja anapenda kucheza, mwingine anachoka baada ya nusu saa na kwenda kulala. Yule aliyebaki anaanza kutafuta kurudisha kilichokwenda, na asubuhi kuna kimya kwenye meza ya chai. Kwa hiyo gawanyeni kabla ya kusafiri: bahasha mbili, ya bwana na ya bibi, kila moja na kiasi mlichokubaliana, na ndani yake mgawanye tena kwa usiku. Bahasha ya mmoja ikiisha, hakopi kwenye ya mwenzake. Karte ya banki ibaki kwenye kasha la chumbani muda wote mnapokuwa kasino, na siri ya kasha aishike yule asiyependa kucheza. Mkishinda je? Amueni hilo pia mapema, kwa mfano nusu irudi nyumbani bila kuguswa, kwa sababu feza ya ushindi isiyo na mpango hurudi mezani usiku ule ule. Na wekeni saa ya kukutana kwa chakula. Ndani ya kasino hakuna jua la kukuonyesha kwamba jioni imefika.

Wapo pia ambao kanisa lao linakataza kamari kabisa, au mmoja wao anaona ni dhambi na mwingine haoni. Hilo lisizungumzwe mlangoni mwa kasino mbele ya watu. Liisheni Lubumbashi. Hakuna anayelazimishwa kucheza ili alale Sun City.

Na kama mmoja wenu tayari anacheza pari, kamari ya kubashiri, hapa mjini mpaka feza ya nyumba inapotea, ninawaomba kwa moyo wote mchague mahali pengine pa kupumzikia. Msimpeleke mtu huyo pale mkitumaini kwamba mapenzi ya wikendi yatamshika mkono. Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu mtu kuandikisha jina lake mwenyewe ili kasino zisimpokee. Jambo hilo lipo kwa sababu watu wamelihitaji.

Feza ya mkononi. Dola zetu mnajua jinsi kambisti anavyozigeuza kwenye mwanga, akitafuta tundu na kona iliyochanika. Chagueni safi tangu huku. Kule mtatumia randi, na sheria inaruhusu kuingia na noti za randi zisizozidi 25,000. Kutoka Kongo, feza taslimu isizidi dola 10,000. M-Pesa na Airtel Money za simu zenu za Kongo msizitegemee madukani kule. Waambieni banki mapema kwamba karte itatumika Afrika Kusini, la sivyo inaweza kufungwa mkiwa dukani. Jueni pia kwamba hoteli hushikilia kiasi fulani kwenye karte siku ya kuingia kama dhamana, na kiasi hicho huchukua siku kadhaa kurudi. Mtu asiyejua hilo anahesabu feza ambayo haiwezi kuguswa mpaka amefika nyumbani. Risiti za vitu mnavyonunua zitunzeni pamoja na vitu vyenyewe, kwa maana mgeni hudai pale uwanja wa ndege kodi ya asilimia 15 aliyolipa kwenye bidhaa anazotoka nazo, kabla ya kukabidhi mizigo. Hoteli na chakula havimo.

Barabara. Kule gari hupita kushoto. Wengi wetu Lubumbashi tumezoea usukani wa kulia kwa sababu ya magari yaliyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, lakini tunayaendesha upande wa kulia wa barabara. Mikono inajua, macho hayajui, na kwenye mzunguko macho ndiyo yanayoamua. Kama ndege inafika jioni, laleni Johannesburg au mchukue gari la hoteli mliloliagiza mapema. Anayetaka kuendesha mwenyewe awe na leseni ya kimataifa, apite N4 kwa Rustenburg mchana, na randi za peyaje ziwe karibu.

Pilanesberg mpe asubuhi moja nzima. Milima ile ni mabaki ya volkano ya zaidi ya miaka bilioni moja, imekaa kwa duara, na ndani yake kuna simba, tembo, nyati, chui na vifaru. Gari la kutazamia liko wazi na linatoka kabla ya jua, kwa hiyo koti zito hata mwezi wa Septemba. Aliyekaa kasino hadi saa tisa usiku hataamka saa kumi na moja. Chagueni usiku upi ni wa nini.

Chajaa zetu za vijiti viwili haziingii kwenye priza nyingi za kule zenye matundu matatu makubwa ya duara, nunueni adapta. Watoto wakibaki kwa nkambo wao, mwachieni namba ya hoteli, si ya simu zenu tu, pamoja na feza ya daktari iliyotengwa na ya chakula, na mtu mzima mmoja mwenye gari aliyekubali kuitwa usiku.

La afya ni hili. Sun City na Pilanesberg hazina malaria, lakini ninyi mmetoka mahali penye malaria, na homa inaweza kuanza siku ya pili mkiwa hotelini kutokana na mbu wa Lubumbashi wa wiki iliyopita. Daktari wa kule anaweza kufikiri ni mafua. Mwambieni mara moja mmetoka Kongo na mdai kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Na mkirudi, homa yoyote ipimwe vile vile kabla ya kumeza dawa.