Fulana kuukuu iwe mfuko: somo la nguo kwa kambi ya sanaa ya likizo

Watoto wa miaka 8 hadi 12 hawana haja ya mhadhara kuhusu viwanda vya nguo. Wape rundo la nguo na mikasi inayokata kweli, mengine watauliza wenyewe. Saa tatu zinatosha, mapumziko yakiwemo.

Waombe wazazi mapema kila mtoto aje na nguo tatu. Ongeza fulana chache za mtumba, zile za bei ya kutupa zenye madoa, maana hawakosi watakaokuja mikono mitupu. Kazi ya kwanza ni kuchambua mafungu matatu: inayovalika bado, inayotengenezeka na ya kukatwa. Hapa usiwaharakishe, ndipo penye somo. Mtoto akitaka kukata fulana nzima kwa kuwa tu ameichoka, irudishe fungu la kwanza apate mwenzake wa kubadilishana naye.

Fungu la pili huwa limejaa nguo zilizopoteza vifungo. Uzi usizidi sentimita 50. Ukiwa mrefu hujisokota na mtoto anakata tamaa. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukiivuka mara nne au tano, kisha ichomoe. Inua kifungo, zungusha uzi chini yake mara tatu, piga fundo upande wa ndani. Bila nafasi inayoachwa na njiti, kifungo hubanwa na kitambaa, hakipiti vizuri kwenye tundu lake, na mtoto akikivuta kwa nguvu kinang'oka tena. Sindano zihesabu unapozigawa na unapozikusanya.

Sasa mfuko, ambao hauhitaji sindano. Chagua fulana ya kitambaa kinachovutika. Hicho ukikikata hakitoi nyuzi kingoni. Shati la vifungo au kipande cha kanga kitafumuka, kwa hiyo viweke kando kwa kazi ya viraka.

Geuza fulana ndani nje, ilaze mezani, ibane kwa vibanio vya kuanikia nguo ili pande mbili zisiachane. Kata mikono, ondoa na mshono wake. Kata shingo kwa mviringo, ila mabegani bakiza upana wa sentimita 6 au zaidi kila upande, kwa kuwa hiyo ndiyo mishikio. Kosa linalorudiwa sana ni hili: mtoto anachimba shingo mpaka mshikio unabaki mwembamba, na siku ya kwanza sokoni unakatika. Mchoree mstari kwa chaki kabla hajashika mkasi.

Ondoa pindo la chini. Kata vipande vya kuning'inia vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa 8, ukipitisha mkasi pande zote mbili kwa pamoja. Funga cha mbele na cha nyuma, fundo mara mbili. Ukimaliza utaona matundu kati ya mafundo, na hapo wengi hudhani wamekosea. Chukua ncha moja ya fundo hili na ncha moja ya fundo jirani, zifunge; endelea hivyo hadi mwisho, matundu yatazibika. Geuza mfuko.

Kitambaa hiki hurefuka kikibeba mzigo. Vipande vikiwa virefu, mafundo hukaa juu zaidi na mfuko unakuwa mfupi. Kwa fulana ya mtu mzima vipande vya sentimita 12 ni bora kuliko 8, la sivyo mfuko utamgonga mtoto magotini.

Mikono iliyobaki ikate mikanda ya sentimita 2 kwa kuzunguka. Ivute, itajikunja yenyewe iwe kamba ya kusukia bangili.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, basi mfuko huu utapata kazi. Kabla ya kuondoka, kila mtoto atie kilo 2 za viazi, aunyanyue na kuutikisa. Fundo litakalolegea lifungwe upya papo hapo.