Namna ya Kupinga Faini ya Sheria Ndogo katika Mahakama ya Mwanzo: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Wafanyabiashara wadogo wa Makoroboi, Mlango Mmoja, Igoma na mwalo wa Kirumba hutozwa faini za sheria ndogo za halmashauri mara kwa mara, na wengi wao hulipa hata pale wanapoamini kwamba hawakutenda kosa, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba wana haki ya kukataa na kusikilizwa na hakimu. Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa jijini, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba uamuzi wa kupinga faini hufanywa kabla ya kulipa na kabla ya kutia saini. Ukishalipa na kukiri kwa maandishi, huwa umebakiwa na kidogo sana cha kupeleka mahakamani.

Hatua ya kwanza: soma karatasi uliyopewa

Karatasi inaweza kuwa notisi ya kukutaka ujirekebishe ndani ya muda fulani, fomu ya kufifilisha kosa (yaani kulimaliza kwa kukiri na kulipa), au samansi ya kufika mahakamani. Notisi haihitaji faini. Timiza kilichoandikwa, au uandikie halmashauri barua ya kueleza kwa nini hukubaliani nayo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Fomu ya kufifilisha ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Sheria ndogo nyingi humruhusu mkurugenzi, au ofisa aliyemteua, kumaliza kosa bila kwenda mahakamani, endapo mtuhumiwa atakiri kwa hiari yake kwa maandishi na kulipa kiasi kilichowekwa. Utaratibu huu ni halali, na kwa mtu aliyetenda kosa kweli humwokolea siku za kazi ambazo angezipoteza katika korido za mahakama. Lakini kama hukutenda kosa, usitie saini. Mwambie ofisa kwa heshima, “Sikubali kosa hili, naomba shauri lipelekwe mahakamani,” kisha uandike jina lake, cheo chake, kifungu alichokitaja na saa aliyokukuta.

Ukiamua kulipa, dai kontroo namba, ulipe kwa simu, benki au wakala, na utunze risiti. Fedha inayoingia mfukoni mwa mgambo bila risiti haifuti kosa lolote, na kesho anaweza kuja mwingine kwa kosa lilelile.

Madereva wa bodaboda huniuliza kama mambo ni hayohayo kwa makosa ya barabarani. Msingi ni huohuo: tangu mwaka 2021 faini ya papo kwa papo ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na unafuu huo huwafanya wengi walipe bila kufikiri, ilhali nao wana haki ya kukana kosa mbele ya hakimu.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi siku hiyohiyo

Piga picha ya eneo, ya meza yako, na ya kibao kinachoonyesha mipaka ya soko kama kipo. Tafuta leseni, kitambulisho cha mjasiriamali na risiti za ushuru. Waombe majirani wawili walioona tukio wakubali kuwa mashahidi. Nenda ofisi ya kata au halmashauri uombe kuisoma sheria ndogo yenyewe, kwa sababu mara nyingine kifungu kilichotajwa hakihusiani kabisa na jambo ulilotuhumiwa.

Hatua ya tatu: fika mahakamani

Samansi itataja mahakama, tarehe na saa. Usipoitikia wito huo, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na kosa dogo likageuka kulala mahabusu. Kwa makosa ya aina hii dhamana ni haki yako na haiuzwi. Atakayekuomba pesa ili upate dhamana, mripoti kwa hakimu mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama hiyo. Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na mzee anayeelewa Kisukuma pekee aombe mkalimani kabla mashtaka hayajasomwa.

Hatua ya nne: jibu shtaka kwa uangalifu

Hapa ndipo kesi nyingi hupotea. Hakimu atasoma shtaka na kukuuliza kama ni kweli au si kweli, na jibu lako litaandikwa kama ulivyolitamka. Chukulia mama anayeuza sangara wa kukaanga, ameshtakiwa kwa kumwaga maji machafu barabarani. Akijibu, “Ni kweli, lakini maji yalimwagwa na jirani,” amechanganya kukiri na kukana katika sentensi moja. Hakimu makini ataandika kwamba amekana. Mwingine anaweza kuishia kwenye “ni kweli”. Kama hukutenda, jibu ni “Si kweli” peke yake, na maelezo yasubiri zamu yako ya kujitetea.

Tahadhari hii ina uzito kwa sababu, chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa ila dhidi ya adhabu au amri ya fidia. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1983, ambao mahakama zetu huurejea hadi leo, uliacha mlango mdogo: kukiri kusikoeleweka au kusikokamilika, kukiri kwa kutoelewa shtaka, shtaka lisilo kosa kisheria, au maelezo yaliyokubaliwa ambayo hayawezi kujenga kosa. Mlango huo upo, ila ni mgumu kupita.

Hatua ya tano: usikilizwaji

Wajibu wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na kiwango chake ni kutoacha shaka yenye msingi. Shahidi wa kwanza, ambaye katika kumbukumbu za mwenendo wa kesi huandikwa SM1 (shahidi wa mashtaka wa kwanza), kwa kawaida huwa ofisa aliyekukamata. Akimaliza utapewa nafasi ya kumuuliza maswali, na hapo wengi huanza kuhutubia au kumlaumu. Uliza maswali mafupi: Ulifika saa ngapi? Uliniona mimi nikimwaga, au uliyakuta maji chini? Meza ngapi zilikuwa karibu na mtaro huo? Nani mwingine alikuwepo? Majibu ya maswali manne ya namna hii huweza kufaa kuliko hotuba ya nusu saa. Kisha utajitetea, utaita mashahidi wako na kutoa picha na risiti zako.

Hatua ya sita: hukumu na rufaa

Ukiachiwa huru, omba nakala ya hukumu na uitunze mahali pa biashara. Ukitiwa hatiani, utapewa nafasi ya kuomba upunguziwe adhabu: taja kipato chako, wanaokutegemea, na kwamba ni kosa la kwanza kama ndivyo. Faini huambatana na kifungo mbadala, kwa hiyo kama huna fedha siku hiyo, omba muda wa kulipa palepale kabla hakimu hajainuka.

Rufaa hufunguliwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Hesabu siku hizo kuanzia tarehe ya hukumu yenyewe, si tarehe uliyopata nakala, na ukikwama katika kuandika sababu za rufaa, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye hatakutoza malipo kwa huduma hiyo.