Kufunga Alamu na Senta Loki Mwenyewe: Pima Kwanza, Kata Baadaye

Mwaka jana mzee mmoja wa Miyuji, hapa Dodoma, alinijia gereji na Hilux ya zamani ya milango minne. Tulisalimiana kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, kisha akakaa kimya kidogo kabla ya kusema kilichomleta. Alikuwa anatoka Iringa na familia yake. Wakiwa wanateremka mlima wa Nyang'oro kuelekea Mtera, injini ikazimika yenyewe. Usukani ukawa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara mbili tatu ikawa ngumu kama jiwe. Mungu alisaidia, gia na breki ya mkono vikamfikisha ukingoni.

Nilipotoa kava la chini ya usukani niliona tatizo kwa macho. Aliyemfungia alamu alikata waya wa suichi, ule unaolisha injini, akaupitisha kwenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwa kuusokota na kuuzungushia tepu. Joto la Dodoma liliyeyusha gundi, tepu ikateleza, shaba ikawa inashika na kuachia. Nilipoigusa kwa kidole, taa za dashibodi zilizima.

Kazi ya kufunga alamu na senta loki, yaani mota zinazofunga milango yote kwa pamoja, mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwake Kisasa au Nkuhungu, kwa siku moja au mbili. Lakini afanye kwa kupima, na viungo vyake vya nyaya viwe vya kudumu. Alamu yenyewe kuharibika ni nadra. Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa shida ya alamu yana kiungo kibovu, athi mbovu (njia ya hasi inayoshika chuma cha bodi), au waya uliokatwa kwa kubahatisha.

Kabla ya kununua

Angalia kama gari lako tayari lina senta loki ya kiwandani. Funga mlango wa dereva kwa ufunguo: milango yote ikijifunga, mota unazo, unahitaji alamu tu. Mlango wa dereva ukijifunga peke yake, nunua na seti ya mota nne pamoja na boksi lake dogo. Kama gari linawashwa kwa kitufe badala ya ufunguo wa kuzungusha, funga king'ora na loki, lakini stata usiiguse. Hiyo mpe fundi mwenye michoro ya gari hilo.

Vifaa: multimita, bisibisi, spana namba 10, drili, pasi ya kulehemu na risasi yake, mipira ya kufunikia viungo inayosinyaa kwa joto, tepu ya kitambaa, vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya, na fyuzi za akiba. Taa ya kupimia yenye balbu iache nyumbani. Balbu inavuta umeme mwingi, na ukiigusisha kwenye waya wa kompyuta ya gari unaweza kuiharibu. Multimita inasoma bila kudhuru.

Hatua ya 1: Betri na eabegi

Zima gari, toa ufunguo, chomoa terminali ya athi. Toyota wenyewe wanaelekeza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika chochote karibu na eabegi (mfuko wa hewa wa kujikinga na ajali), kwa sababu mfumo wake una akiba ya umeme. Mimi nasubiri dakika tano. Nyaya zilizovalishwa ganda la njano au zenye plagi ya njano chini ya usukani ni za eabegi. Usizipime wala kuzikata, na usifunge chochote juu yake.

Ukishatoa makava, rudisha betri kwa ajili ya kupima tu. Ukimaliza kupima, ichomoe tena.

Hatua ya 2: Kutafuta nyaya

Hapa ndipo pa kutumia muda. Usiamini rangi ulizoambiwa na jirani, hata kama gari lake ni sawa na lako. Weka multimita kwenye volti za DC, waya wake mweusi kwenye chuma kisafi cha bodi, kisha pima kwenye kifungu cha nyaya kinachotoka kwenye suichi ya ufunguo.

Moto ni waya wa chanya wenye umeme. Moto wa kudumu unasoma karibu volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni. Moto wa suichi unakuja ukizungusha hadi ON, na unabaki pale pale unapopiga stata. Moto wa redio nao unakuja, lakini ukipiga stata unakatika. Wengi huuchanganya na wa suichi, kwa hiyo hakikisha umepima huku mwenzako anapiga stata. Moto wa stata unasoma sifuri muda wote, isipokuwa sekunde zile za kupiga stata tu. Kabla ya jaribio hili weka gia huru na vuta breki ya mkono.

Kila waya ukiupata, ubandikie kipande cha karatasi chenye jina. Kisha tafuta nyaya mbili za indiketa, kulia na kushoto, na waya wa swichi ya mlango unaowasha taa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi waya huu unapata athi mlango ukifunguliwa. Thibitisha: mlango wazi usome sifuri, mlango ukifungwa volti zipande.

Hatua ya 3: Mota za loki milangoni

Anza na mlango wa abiria wa nyuma, uzoee mkono kabla ya kufika kwa dereva. Toa skrubu za mshikio, kisha kava la mlango kwa kifaa cha plastiki, klipu moja baada ya nyingine. Nyuma yake kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Ibandue taratibu, maana utairudisha. Wasioirudisha hawaoni tofauti kiangazi, ila Desemba mvua zikianza maji yanaingia ndani ya kava, na vumbi linakuwa limeshatangulia.

Utaona ule ufito wa chuma unaopanda na kushuka unapofunga loki kwa mkono. Mota iwekwe ili fito yake isukume na kuvuta kwa kunyooka na ufito huo. Ikikaa kwa pembe, itabana na baada ya miezi michache itakufa. Mwendo wa mota hizi ni kama milimita 20. Kwa hiyo kabla ya kukaza kibanio weka loki katikati na mota katikati, kisha sukuma kwa mkono mpaka mwisho huku na huku. Lazima iteleze bila kugoma.

Sasa shusha kioo mpaka chini na uangalie. Kioo kikigusa mota au waya, hamisha. Usitoboe bodi kabla ya kuhakikisha hilo. Nimeona kioo kikipasuliwa na skrubu ndefu iliyochomoza. Tundu ulilotoboa lipake rangi, lisianze kutu.

Nyaya zipite kwenye mpira unaounganisha mlango na nguzo ya bodi. Ni kazi ya subira: paka sabuni ya maji kidogo, tanguliza waya mgumu, kisha vuta. Usipitishe waya pembeni ya mlango bila mpira, kila ukifunga mlango utaukata kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Boksi la senta loki

Mota ya dereva ina nyaya tano, nyingine zina mbili. Katika seti nyingi zinazouzwa kwetu, bluu na kijani ndizo zinazoendesha mota, na zinaunganishwa mota zote kwa pamoja, bluu na bluu, kijani na kijani. Mota ya dereva ina nyingine tatu: mweusi unakwenda athi, mweupe na wa kahawia zinarudi kwenye boksi kulijulisha kwamba dereva amefunga au amefungua. Boksi lenyewe linapata moto wa kudumu kupitia fyuzi, mara nyingi ya ampea 15, na athi. Soma karatasi ya seti yako, ikitofautiana na mimi fuata karatasi.

Ukijaribu na mlango mmoja ukafunguka wakati mingine inafunga, badilishana nyaya mbili za mota hiyo tu.

Hatua ya 5: Alamu na loki zizungumze

Alamu ina nyaya sita za loki, yaani relei mbili ndogo zilizo ndani yake. Kwa boksi hili tunahitaji mapigo ya athi, yaani waya uguse athi kwa muda mfupi. Katika kila relei, waya ambao mchoro unaonyesha umeachana na wa katikati alamu ikiwa imetulia unauunganisha na athi. Wa katikati unaunganishwa na mweupe wa boksi kwa relei moja, na wa kahawia kwa relei ya pili. Zile nyaya mbili zinazobaki zifunike ncha moja moja.

Alamu nyingi zina mpangilio wa muda wa pigo: nusu sekunde hivi kwa mota za umeme, na sekunde tatu na zaidi kwa magari yenye loki za upepo. Chagua muda mfupi. Pigo refu huchemsha mota.

Hatua ya 6: Indiketa, swichi, king'ora

Alamu ina nyaya mbili za indiketa. Moja iende kulia, nyingine kushoto. Ukiziunganisha pamoja, utakuwa unakata kona taa zote zinawaka. Swichi ya mlango unganisha kwenye ingizo la athi, na lile la chanya ulifunike.

King'ora kikae chini ya boneti, mbali na ekzosi, mdomo ukiangalia chini maji yasikusanyike. Kihisi cha mtikisiko kifunge kwenye chuma kigumu cha dashibodi, kisining'inie kwenye nyaya. Anza na unyeti mdogo. Julai na Agosti upepo wa Dodoma peke yake unaweza kupiga alamu iliyokazwa sana, na majirani wakishazoea kelele zako hawatatoka siku mwizi akija kweli. Waya wa antena usiukate wala kuukunja ndani ya vifungu, unyooshe juu, mbali na chuma.

Hatua ya 7: Kukata stata, si injini

Turudi Nyang'oro. Alamu inaweza kuzuia gari lisiwake kwa njia mbili: kukata moto wa suichi au kukata moto wa stata. Mimi nakata stata peke yake. Relei ikifa au kiungo kikiachia ukiwa kwenye mwendo, injini haijui lolote, inaendelea kuunguruma. Hasara kubwa utakayopata ni kushindwa kupiga stata ukiwa umeshasimama.

Tumia relei ya pini tano ya ampea 30. Kata ule waya wa stata uliouwekea jina. Ncha ya upande wa suichi iende pini 30, ya upande wa stata iende 87a. Pini 86 ipate moto wa suichi, pini 85 iende kwenye waya wa alamu unaotoa athi ukishafunga gari. Kwa mpangilio huu gari lililoegeshwa halitumii umeme wa relei, maana 86 haina moto mpaka mtu azungushe ufunguo. Nyaya za 30 na 87a ziwe na unene usiopungua ule wa waya uliokata.

Hatua ya 8: Viungo na athi

Menya sentimita mbili, vesha mpira wa kusinyaa kwanza (ukisahau utafumua kiungo kizima), sokota, chomea risasi mpaka inywe ndani ya shaba, acha ipoe bila kutikisa, kisha sogeza mpira na uupashe joto. Risasi iliyoshika vizuri inang'aa na kujilaza. Iliyokaa kama tone la uji uliopoa haijashika. Tepu ya kitambaa inakuja juu, kufunga kifungu kisigongegonge.

Athi usiifunge kwenye skrubu iliyo juu ya rangi. Kwangua mpaka uone chuma cheupe, kaza kwa bolti, paka grisi kidogo. Kisha pima ohmi kati ya hapo na kichwa cha waya wa athi uliouchomoa kwenye betri: iwe karibu na sifuri.

Hatua ya 9: Kujaribu

Rudisha betri. Shusha kioo cha dereva kabisa, ili loki zikigoma usijifungie ufunguo ndani. Funga kwa rimoti, subiri alamu ijiweke tayari, ingiza mkono dirishani ufungue mlango: lazima ilie. Gari likiwa limefungwa, zungusha ufunguo: stata isipige.

Mwisho pima umeme unaovuja. Zima gari, multimita kwenye ampea 10, iweke kati ya terminali ya athi na waya wake, funga kwa rimoti, subiri dakika ishirini kompyuta zilale. Usipige stata multimita ikiwa hapo. Jumla ya gari zima ikae chini ya miliampea 50. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku; betri ya NS60 yenye ampea-saa 45 itapoteza kama 17 kwa wiki mbili, na ikiwa nzima bado itapiga stata. Ukikuta 200, kwa wiki moja zimekwenda karibu 34. Siku hizi wengi wanaacha gari nyumbani na kupanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kwa wiki nzima, na wakirudi ndipo wanapolaumu betri.

Chora mchoro wa ulichounganisha: rangi, pini, mahali pa fyuzi, mahali pa swichi ya siri ya kuzimia alamu rimoti ikifa. Uweke kwenye droo ya dashibodi. Hilux ya mzee wa Miyuji ilisoma miliampea 28 jioni ile. Namba hiyo niliiandika chini ya mchoro pamoja na tarehe, ili atakayepima baada yangu awe na cha kulinganisha.