Kukagua njia ya hewa kwenye injini ya dizeli ya mapigo mawili

Mwongozo huu unahusu injini zenye bloa (pampu inayosukuma hewa ndani ya silinda) na valvu za eksozi juu ya silinda, kama Detroit Diesel 71 iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938. Hazina kifaa cha kubana hewa ili kupunguza mwendo. Gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, hupima mafuta tu; hewa huingia yote inayosukumwa na bloa. Ndiyo maana fundi anayekagua injekta (vipulizia mafuta) pekee huacha nusu ya kazi.

Zima injini, tenganisha betri, subiri ipoe.

1. Anza na filta na mipira ya kuingizia hewa. Filta ikiziba, moshi huwa mweusi na nguvu hupungua.

2. Fungua mdomo wa bloa, umulike ndani. Rota mbili zinazozunguka humo kusukuma hewa hazitakiwi kugusana wala kugusa ukuta, kwa hiyo mikwaruzo ni dalili ya beringi au gia zilizochakaa. Kisha tazama kwa makini sahani za pembeni. Michirizi ya oili inayotokea kwenye shafti inamaanisha sili (vizuizi vya oili) zimechoka. Usilipuuze hili hata kidogo! Oili hiyo huingia kwenye silinda na kuungua kama mafuta, na ikizidi, injini hukimbia yenyewe bila gavana kuweza kuizuia.

3. Ondoa vifuniko vya kasha la hewa (chumba kinachopokea hewa ya bloa kuzunguka silinda) ubavuni mwa bloku. Zungusha krenki kwa mkono. Pistoni inaposhuka, valvu za eksozi hufunguka kwanza ili presha ishuke, halafu pistoni hufunua matundu ya laina (ukuta wa ndani wa silinda), na hewa ya bloa huingia ikisukuma moshi juu. Matundu yenye masizi huinyima silinda hewa. Kupitia hapohapo utaona ringi: ziguse kwa kijiti cha mbao uone kama zinacheza au zimekwama. Kwa maoni yangu, hakuna ukaguzi unaokueleza mengi kiasi hiki bila kufungua kichwa cha injini.

4. Zibua vijibomba vya kutolea maji na oili chini ya kasha.

5. Jaribu kifuniko cha dharura kilicho juu ya bloa. Vuta waya wake: kinapaswa kufunga papo hapo na kukaa sawasawa pande zote. Injini ikikimbia, kukata mafuta huenda kusisaidie kwa kuwa inachoma oili. Kukata hewa ndiko kunakoizima. Lakini usikitumie kuzimia injini kila siku. Kikifunga huku bloa ikizunguka, mvuto unaopatikana hunyonya oili kupitia sili, na unaanza kuharibu kile ulichotaka kukilinda.

Ukimaliza, rudisha kifuniko wazi na uhakikishe kimeshikwa na lachi yake kabla ya kupiga starta. Kikibaki kimefungwa, injini haitawaka hata injekta zote ziwe nzima.